Walimfunda Bi Harusi, Wakamsahau Bwana Harusi

Shikamooni wazee wangu. Mama zangu, dada zangu, na ninyi kaka mliojibanza karibu na mlango kana kwamba mna safari, habari za jioni.

Nimeombwa nizungumzie namna ya kumwandaa msichana anayeolewa mbali na kwao. Najua wengi mmekuja mkitarajia habari za somo na kungwi, za singo na udi, na mengine yasiyosemwa mbele ya kipaza sauti. Hayo mnayajua kunishinda, na wenye haki ya kuyasema wako humu ndani. Mimi ni mwalimu wa historia, kwa hiyo nitawapeleka kwingine kabisa: Tokyo, mwaka 1951, kwenye darasa ambamo wanawake wa Kijapani walikuwa wakifundishwa kuwa wake wa Kimarekani. Si kawaida kuona taasisi kubwa, yenye jeshi nyuma yake, ikitunga mtaala wa ndoa. Na mtaala, ukiusoma vizuri, unakuonyesha aliyeutunga anaogopa nini na nini hataki kukitazama.

Tuanze na uadui, maana bila huo hadithi hii haieleweki. Humu wapo ambao babu zao walikuwa askari wa KAR, jeshi la Waingereza hapa Afrika Mashariki. Mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki iliteremka bonde la Kabaw kule Burma, kwenye matope, mvua na malaria, ikiwasukuma Wajapani nyuma mpaka ikaingia Kalewa mwezi Desemba. Kwa wazee wale Mjapani alikuwa mtu wa kulengewa bunduki. Kwa Wamarekani ndivyo ilivyokuwa, tena kwa uchungu zaidi, kwani wao walishambuliwa Pearl Harbor na wakazika vijana wao Iwo Jima na Okinawa. Sasa fikirini mama wa Kansas au Tennessee anafungua barua ya mwanawe mwaka 1950: Mama, nimeoa, na mkaza mwanao ni Mjapani.

Upande wa msichana nao haukuwa na raha. Usiku mmoja tu wa Machi 1945 mabomu ya moto yaliua watu wapatao 100,000 Tokyo. Japani iliposalimu amri Agosti mwaka ule, miji ilikuwa majivu, chakula kilikuwa cha mgawo, na mgawo wenyewe haukutosha. Binti wa miaka 20 ambaye baba hakurudi kutoka vitani alijikuta ndiye mlezi wa mama na wadogo zake. Kazi zilikuwa wapi? Kwenye kambi za Wamarekani, ambao sasa walikuwa wameikalia nchi. Palitakiwa wapiga taipu, wapokea simu, wauzaji wa duka la kambi, watumishi wa ndani. Huko ndiko walikokutana na askari vijana wa Kimarekani, wengi wao wenyewe hawajafikisha miaka 25. Majirani hawakuuliza binti anafanya kazi gani huko kambini. Kuonekana na askari barabarani kulitosha, jina baya lilishaandikwa, na wapo waliokatwa kabisa na jamaa zao.

Jeshi nalo halikufurahia. Chini ya Jenerali Douglas MacArthur, mkuu wa majeshi yaliyoikalia Japani, na wasaidizi wake, askari hakuweza kuoa bila idhini ya kamanda wa kikosi. Aliyeomba alipitishwa kwa kasisi wa jeshi, ambaye mara nyingi kazi yake ilikuwa kumshawishi aache. Msichana akachunguzwa polisi, akapigwa picha ya eksirei ya mapafu kwa hofu ya kifua kikuu, familia yake ikaulizwa maswali. Mafaili yalikaa miezi. Wengine wakapewa uhamisho wa ghafla, na ndoa ikafia mezani. Wapo waliokwenda kufunga ndoa ya Kijapani hivyo hivyo, wakaishi kama mume na mke, ila kwa jeshi yule mwanamke hakuwepo.

Na juu ya jeshi kulikuwa na sheria. Hapa naomba mnivumilie kidogo, kwa sababu wengi mkisikia habari za viza mnadhani ni mambo ya leo. Tarehe 28 Desemba 1945 Marekani ilipitisha sheria ya kuwaruhusu wake wa kigeni wa wanajeshi waingie nchini bila kuhesabiwa kwenye mgawo wa wahamiaji. Wake wa Kiingereza walifaidika mara moja. Januari 1946 meli ya kwanza, Argentina, iliondoka Southampton ikiwa imejaa wao na watoto wao, na gharama ililipwa na serikali. Mjapani hakuwemo. Sheria ya uhamiaji ya 1924 ilikuwa imemfungia mlango mtu yeyote ambaye kwa asili yake haruhusiwi kuwa raia, na Wajapani walikuwa kwenye orodha hiyo. Ndoa ile ile, askari wa jeshi lile lile, lakini mke mmoja anapandishwa meli na mwingine anaambiwa asili yake haikubaliki.

Mwaka 1947 mlango ukafunguliwa kidogo: mkifunga ndoa ndani ya siku 30 tangu sheria ipitishwe, mke anaweza kuingia. Siku 30! Hata sisi wa harusi za dharura hatujafikia hapo. Zilifungwa ndoa zaidi ya 800 katika dirisha hilo, nyingi zikiwa za Wanisei, yaani Wamarekani waliozaliwa na wazazi wa Kijapani, wengi wao wakalimani wa jeshi. Agosti 1950, vita vya Korea vikiwa vimeanza na Japani imejaa askari wapya, likafunguliwa dirisha jingine la miezi sita, kisha likaongezwa muda. Foleni kwenye ofisi za ubalozi zikawa ndefu. Mwishowe ikaja sheria ya 1952, iliyoanza kutumika mkesha wa Krismasi wa mwaka huo, ikaondoa kizuizi cha asili na kuwaruhusu Wajapani kuwa raia. Hadi miaka ya 1960 inaanza, wanawake wapatao 40,000 hadi 50,000 walikuwa wameingia Marekani wakiwa wake wa askari.

Ni kwenye ile foleni ya 1951 ndipo Shirika la Msalaba Mwekundu la Marekani lilipofungua madarasa yake, Tokyo kwanza na baadaye kwenye miji mingine ya kambi. Watu wakayaita shule za mabibi harusi. Waliofundisha walijitolea, wengi wao wakiwa wake wa maofisa. Walifundisha kupika na kuoka, kuosha mtoto, kusafisha nyumba, kujipaka vipodozi, kutembea na viatu vya mchuchumio, historia ya Marekani na muundo wa serikali yake, pamoja na mambo ya kanisani.

Msicheke bado. Chukueni somo moja tu, la keki, mwone lilikuwa na mambo mangapi ndani yake.

Jiko la nyumba ya Kijapani ya wakati ule mara nyingi lilikuwa la kuni au la mkaa. Chakula kinachemshwa, kinapikwa kwa mvuke, kinachomwa juu ya moto. Unakiona, unakisikia kinavyolia, unajua kimeiva kwa harufu. Oveni ni sanduku. Unaingiza kitu ndani, unafunga mlango, unasubiri. Namba zilizoandikwa kwenye kitufe ni 350, za kipimo cha farenhaiti, na yeye aliyezoea selsiasi anajua maji yanachemka kwa 100. Vipimo ni vikombe na vijiko. Halafu tazameni vitu vyenyewe: siagi, sukari, mayai, maziwa, unga mweupe. Huyu ni mtu ambaye mwaka 1946 alikuwa anakula viazi vitamu na uji mwepesi, na mama yake alipanda treni kwenda shamba kubadilisha kimono kwa mchele. Anaambiwa achanganye sukari na siagi mpaka iwe laini na nyeupe. Sukari yote ile, kwenye bakuli moja, na ikiharibika unamwaga unaanza upya. Mimi nadhani kwenye bakuli lile alijifunza habari za Marekani kuliko kwenye darasa la historia.

Kitanda nacho kilikuwa somo. Mjapani analala kwenye godoro la kutandaza juu ya mikeka ya tatami, na asubuhi linakunjwa na kuwekwa kabatini, chumba kinakuwa sebule. Mmarekani ana kitanda kinachokaa mahali pamoja mchana kutwa kikihitaji shuka mbili, moja ya chini na moja ya juu, na pembe za shuka zikunjwe kwa namna maalumu. Bafuni ndiko kwenye hatari zaidi. Kwa Wajapani unajisugua na kujisuuza nje ya birika la kuogea, ukishatakata ndipo unaingia kwenye maji ya moto kupumzika, na maji yale yale watayaingia wengine wa nyumbani. Ukifanya hivyo nyumbani kwa mama mkwe wa Kimarekani, sakafu nzima imelowa na maji machafu hayana pa kwenda, kwani bafu lake sakafuni halina tundu. Viatu anavyovua mlangoni, wao wanaingia navyo hadi chumbani. Mtoto anayebebwa mgongoni kwa mbeleko, na hili akina mama mnalielewa bila kuelezwa, anatakiwa alazwe peke yake kwenye kitanda chenye fito, ikiwezekana kwenye chumba chake. Na ule mchuchumio ulimkuta mtu aliyekulia kwenye viatu vya mbao, jamaa ya mitalawanda yetu, ambavyo mwendo wake ni mwingine kabisa.

Sasa kuhusu walimu. Maofisa wa Marekani Japani walijengewa mitaa yao. Katikati ya Tokyo palikuwa na mtaa ulioitwa Washington Heights, nyumba 827, zenye bustani, shule, kanisa na duka. Huko familia za maofisa ziliishi na watumishi wa Kijapani, na mishahara ya watumishi hao ililipwa na serikali ya Japani kama sehemu ya gharama za kukaliwa na jeshi. Kwa hiyo alikuwepo mwalimu aliyefundisha kutandika kitanda ilhali chake asubuhi ile kilitandikwa na msichana wa Kijapani. Na miongoni mwa wanafunzi walikuwemo waliokwisha kufanya kazi kwenye nyumba kama hizo. Walishafua zile shuka na kuwapikia kina bibi chakula chao. Wakakaa darasani kwa adabu, wakaonyeshwa upya.

Sisemi haya ili kuwadharau akina mama wale. Hakuna aliyewalazimisha. Wengine walitoa siku zao za mapumziko kwa ajili ya wasichana ambao wenzao kwenye klabu ya maofisa waliwasengenya waziwazi, na hilo lilihitaji moyo. Na darasa lilitoa kitu ambacho hakikuandikwa kwenye ratiba: wasichana walikutana. Msichana aliyetengwa na ukoo wake, aliyetazamwa vibaya na mtaa mzima, aliingia chumba ambamo kila mmoja ana kesi kama yake. Wakabadilishana habari za viza, za meli, za jinsi ya kumjibu kasisi. Kwa maoni yangu hilo lilikuwa na thamani kuliko mapishi yote.

Lakini turudi kwenye mtaala. Mke aliyekuwa akitengenezwa pale ni mke wa nani? Ukiutazama unaona nyumba ya kitongoji kizuri cha mji: oveni ya umeme, zulia, bafu lenye maji ya moto, wageni wanaokaribishwa kwa pai ya tufaha. Hiyo ilikuwa nyumba ya mwalimu. Waume wa wanafunzi hawa wengi walikuwa askari wa kawaida na masajini, watoto wa wakulima, wachimba makaa, watu wa viwandani. Sensa ya Marekani ya 1950 ilionyesha kwamba zaidi ya theluthi moja ya nyumba za nchi ile hazikuwa na huduma kamili za maji, yaani maji ya bomba ya moto na baridi, bafu, na choo cha kuvuta ndani. Theluthi moja, ya Marekani, ya 1950. Kwa hiyo bi harusi anashuka meli Seattle au San Francisco, anapanda treni au basi siku kadhaa, anafika shamba la wakwe, anakuta pampu ya mkono uani, choo cha shimo na jiko la kuni. Alifundishwa umeme akakuta kuni. Bahati nzuri jiko la kuni alilifahamu tangu utotoni, alifundishwa na mama yake, yule ambaye shule ilimwona hana cha kumfaa.

Na hilo la umaskini ni dogo. Kuna jambo ambalo sijaona kama lilipewa kipindi kwenye shule zile, nalo ni rangi.

Mwaka 1951 majimbo mengi ya Marekani yalikuwa bado na sheria za kukataza ndoa za watu wa rangi tofauti, na kwenye baadhi yake mzungu alikatazwa pia kuoa mtu wa asili ya Asia. California ilikuwa imefutiwa sheria yake na mahakama mwaka 1948. Virginia iliishikilia yake hadi Mahakama Kuu ya Marekani ilipozifuta zote mwaka 1967. Kijana anaweza kuoa Yokohama kwa baraka za kasisi na muhuri wa ubalozi, akarudi jimboni kwao ndoa ikawa haitambuliwi, au ni kosa. Makamanda wengine waliitumia sheria ya jimbo la kijana kumnyima idhini. Lakini bi harusi mwenyewe aliyekuwa akijifunza majina ya marais, nani alimweleza hili?

Fikirini pia walioolewa na askari weusi. Kikosi cha 24 cha askari wa miguu, kikosi cha watu weusi, kiliwekwa Gifu kabla ya kupelekwa Korea mwaka 1950. Rais Truman alikuwa ametoa amri mwaka 1948 ya kukomesha ubaguzi jeshini, ila utekelezaji ulikwenda polepole, na nje ya kambi amri ile haikuwa na nguvu. Mwanamke aliyemfahamu mumewe akiwa mtu wa sare, anayepigiwa saluti na wadogo zake kwa cheo, wanafika kusini mwa Marekani anamwona anaelekezwa viti vya nyuma vya basi. Na yeye Mjapani akae wapi? Mstari ulichorwa kwa weupe na weusi, yeye hakuwekewa mahali. Na mtoto wao akifikia umri wa shule, apelekwe ipi? Hukumu ya kukataza shule za ubaguzi ilikuja 1954, na kutii kulichukua miaka mingi zaidi.

Mtu atasema, si angekwenda kwa Wajapani wenzake waliokuwa Marekani tangu zamani? Wengine walikwenda. Ila jamii ile ilikuwa ndiyo kwanza inajikusanya. Kuanzia 1942 watu wapatao 120,000 wa asili ya Kijapani, wengi wao raia kwa kuzaliwa, waliswagwa kwenye kambi za jangwani wakapoteza mashamba na maduka. Walikuwa wanajitahidi waonekane Wamarekani safi wasio na doa. Kisha anatokea mwanamke kutoka Tokyo, na umbea umeshamtangulia kwamba wanawake wa askari ni wanawake wa namna gani. Milango mingi ilifunguliwa nusu.

Hapo ndipo ninapotaka kusimama jioni hii. Wenye kujua unyago na mafunzo ya pwani wanisahihishe nikikosea, lakini somo wetu hafundishi jikoni tu. Anamwambia mwari habari za mawifi. Anamwambia siku mumeo akibadilika ufanye nini, mkwe akikusema unyamaze lini na ujibu lini. Na kazi yake haiishi siku ya harusi, anaitwa hata mwaka wa tano. Shule ya Tokyo iliishia gatini Yokohama. Meli ikiondoka, mwalimu anarudi Washington Heights na mwanafunzi anabaki na daftari la mapishi.

Halafu, na hili ndilo kubwa: hakukuwa na shule ya bwana harusi. Sijakuta mahali ambapo sajini alikalishwa akaambiwa kwamba mkeo ataugua kwa kukosa wali na supu ya miso, kwamba usimpe jina jipya kwa sababu mama yako hawezi kutamka lake. Kazuko akawa Kathy, Yoshiko akawa Susie, na mara nyingi aliyeanza ni mume, kwa nia njema. Hakuambiwa kwamba akikataza Kijapani nyumbani ili watoto wasichanganyikiwe, watoto hao watakua bila lugha ya kuongea na bibi yao, na mama yao atakuwa mgeni kwenye meza yake mwenyewe. Waume wengi walikataza, na watoto wengi walikua hivyo. Wala hakuna aliyetumwa kwa mama mkwe wa Kansas. Tunasema mgeni njoo mwenyeji apone, lakini mwenyeji huyu hakuwahi kuulizwa kama yuko tayari kupona.

Na tusijione wema. Sisi wenyewe tunamfunda binti wiki nzima, na kaka yake anapewa suti na nauli ya gari la maharusi. Zamani jando lilikuwa na maneno yake. Leo mvulana anapelekwa hospitali asubuhi, jioni yuko nyumbani anatazama mpira, na hayo ndiyo mafunzo yake. Naona karibu na mlango kuna mtu anatazama saa.

Kwa kifupi niwapitishe Australia, kwa sababu kule mambo yalikuwa wazi zaidi. Askari wao walikaa Kure, karibu na Hiroshima. Serikali ya Australia ilikataa katakata kumpokea mke yeyote wa Kijapani, na waziri wa uhamiaji wa wakati ule, Arthur Calwell, alitamka mwaka 1948 kwamba kuwaruhusu kungekuwa aibu kwa umma. Mwanajeshi Gordon Parker alioa Kure akapata watoto wawili, na akapigania miaka kadhaa mkewe, aliyejulikana kama Cherry, aruhusiwe. Ruhusa ilitoka 1952, wakafika mwaka huo huo, na magazeti yakawangoja. Baada yao wakaja wengine wapatao 650. Angalia tofauti: Parker hakuwa na mtaala, ila familia yake ilisimama naye. Wazazi wake walikuwa upande wa mkaza mwana kabla hajakanyaga nchi.

Na wale wa Marekani waliishije? Wengi, mtashangaa, waliishi vizuri. Mwanasosholojia Anselm Strauss alizichunguza ndoa za namna hii Chicago, akachapisha matokeo mwaka 1954, wakati wengi walishatabiri kwamba zitavunjika zote. Aliona ndoa nyingi zenye utulivu kuliko ilivyotarajiwa, na sababu moja ni kwamba wawili hawa, wakiwa mbali na jamaa wa pande zote mbili, hawakuwa na watu wa kuwaingilia. Mawifi mlioko humu msinitazame hivyo, ni maneno ya profesa.

Walichokikosa shuleni walifundishana. Kwenye miji ya kambi, kama Tacoma karibu na Fort Lewis, au Junction City karibu na Fort Riley, palikuwa na wake wa Kijapani wa kutosha kujuana. Aliyetangulia alimpokea aliyefuata. Alimwonyesha duka linalouza mchele usiotawanyika, alimfundisha kupika wali bila sufuria ya kwao, alimpa mbegu za figili kubwa apande nyuma ya nyumba. Sosi ya soya ikipatikana mjini, inanunuliwa ya watu watano. Wakafundishana kuendesha gari, na hilo lilikuwa jambo kubwa kuliko keki, kwa sababu mwanamke asiyeendesha gari kwenye mji wa kambi anakaa ndani mpaka mume arudi, na mume akipelekwa Korea au Ujerumani anakaa ndani mwaka mzima.

Kuna jambo moja la shule ya Tokyo lililokuja kufaa kwa namna ambayo hakuna aliyeipanga. Yale masomo ya historia na serikali yalipotolewa mwaka 1951, yalikuwa kejeli tupu: mnamfundisha mtu Katiba ya nchi ambayo sheria yake inasema hawezi kuwa raia. Ilipokuja sheria ya 1952, mke wa raia aliweza kuomba uraia baada ya kukaa miaka mitatu, na alitakiwa ajibu maswali kuhusu historia na serikali ya Marekani. Wakayatoa madaftari. Sina shaka wapo waliojibu maswali yale vizuri kuliko waume zao, ambao walizaliwa raia na hawakuwahi kuulizwa lolote.

Mimi yangu yameisha. Humu kuna binti wanaosubiri viza za kwenda kwa waume zao, na mbele hapa nimewaomba wakae mama watatu, mmoja aliishi Muscat, mmoja Oslo, mmoja Minneapolis. Hawatatoa hotuba. Waulizeni ya bafuni, ya mawifi, ya pesa, ya siku mume akichelewa kurudi na wewe hujui namba ya polisi. Kina kaka, msitoke. Viti vya mbele vitatu hivi vimewekwa kwa ajili yenu, na akina mama hawa wana maswali ya kuwauliza pia.